Lüneburg, Mji Uliokula Chumvi Nyingi

Mzee aliyeishi miaka mingi husemwa kuwa amekula chumvi nyingi. Kama maneno hayo yangefaa kusemwa juu ya mji, basi mji wa Lüneburg, ulioko kaskazini mwa Ujerumani, ungestahili kuambiwa hivyo kuliko miji mingi mingine. Kwa muda wa zaidi ya miaka elfu moja wenyeji wake waliishi kwa chumvi waliyoitoa chini ya miguu yao wenyewe. Kwa chumvi walijenga makanisa, wakafukuza watawala, wakakopesha na kukopa. Na sasa shimo lililoachwa na chumvi hiyo laula mji polepole, nyumba moja baada ya nyingine.

Mgeni atokaye Hamburg kwa gari la moshi hufika Lüneburg baada ya safari ya maili 30 hivi kuelekea kusini-mashariki. Mji wenyewe si mkubwa sana. Wakazi wake ni zaidi ya 70,000 kidogo. Wapitiwa na mto mdogo uitwao Ilmenau, ambao mtu asiyejua historia angeudharau, maana si mpana wala haunguruma. Lakini hapo kale mto huo ndio uliobeba utajiri wote.

Ukitoka stesheni na kuvuka mto, wafika upesi katika uwanja mrefu uitwao Am Sande, yaani “Penye Mchanga”, kwa kuwa zamani uwanja huo haukutandikwa mawe. Pande zote mbili zimesimama nyumba za matofali mekundu, zenye kuta za mbele zilizopanda juu kwa ngazi ngazi mpaka kileleni. Katika nchi ile tambarare mawe mazuri ya kujengea ni haba, na kwa hiyo watu walichoma udongo. Lakini jinsi walivyouchoma! Matofali mengine yamesokotwa kama kamba, mengine yamepakwa rangi ya kung’aa, nyeusi au kijani. Mwisho wa uwanja yasimama nyumba iitwayo Nyumba Nyeusi, iliyojengwa mwaka 1548 na kutumiwa kwa kutengenezea pombe. Leo ni ofisi ya chama cha wafanyabiashara.

Miji mikubwa ya jirani haikubahatika hivyo. Lübeck uliungua kwa mabomu mwaka 1942, na Hamburg mwaka 1943. Lüneburg uliepukana na maangamizi hayo, ingawa vita vyenyewe vilikuja kumalizikia mlangoni pake: tarehe 4 Mei, 1945, katika kilima kimoja kilicho karibu na mji, wakuu wa majeshi ya Kijerumani ya upande ule walitia sahihi mbele ya Jemadari Montgomery kwamba wamesalimu amri. Kwa hiyo mambo ambayo kwingine husomwa katika vitabu, pale yaonekana kwa macho.

NGURUWE ALIYEKAUKA

Wenyeji wana hadithi yao juu ya mwanzo wa chumvi. Wasema kwamba mwindaji mmoja alimwona nguruwe mwitu akigaagaa katika tope, akamfuata na kumwua. Ngozi ilipokauka katika jua, mwindaji aliona singa zake zimekuwa nyeupe, na alipozionja akakuta ni chumvi. Hadithi za namna hii ziko katika nchi nyingi, na mwenye akili hazichukui kuwa ni habari za kweli. Hata hivyo katika jumba la baraza la mji umehifadhiwa mfupa, ndani ya chombo cha kioo, na mgeni huambiwa kwamba ndio mfupa wa nguruwe yule.

Habari iliyo na uhakika zaidi yatokana na hati. Tarehe 13 Agosti, mwaka 956, Mfalme Otto wa Kwanza aliwapa watawa wa nyumba ya Mtakatifu Mikaeli ushuru uliotozwa juu ya chumvi ya Lüneburg. Mfalme hawezi kumpa mtu ushuru wa kitu kisichokuwako; basi ni wazi kwamba kazi ya chumvi ilikwisha kuanza na kustawi kabla ya mwaka huo.

Chumvi yenyewe ni masalio ya bahari iliyokauka miaka milioni 250 hivi iliyopita. Kwa uzito wa ardhi iliyokuja kuifunika, chumvi ile ilisukumwa juu kama unga uliokandwa unavyopenya kati ya vidole, mpaka ikawa mlima mzima uliofichika si mbali chini ya mji. Maji matamu yapitayo ardhini huigusa, huiyeyusha, na kugeuka maji makali ajabu: katika kila ratili 100 za maji hayo, ratili 26 hivi ni chumvi tupu. Maji ya bahari ya Mombasa hayafiki hata ratili nne. Kwa hiyo mtu wa Lüneburg hakuwa na haja ya kungojea jua likaushe maji katika mashamba ya pwani, kama wafanyavyo watu wa Gongoni karibu na Malindi. Kazi yake ilikuwa kama ile ya watu wa Uvinza katika Tanzania, ambao tangu zamani sana walichota maji ya chemchemi na kuyachemsha vyunguni.

NYUMBA 54 NA MAKARAI 216

Katika karne za kati, mahali pa chumvi palizungushiwa ukuta wake peke yake, kama mji ndani ya mji. Humo mlikuwa na nyumba 54 za kuchemshia, zenye paa za chini zilizokaribia kugusa ardhi, na kila nyumba ilikuwa na makarai manne ya madini ya risasi. Hayo ni makarai 216. Maji yalipandishwa kwa ndoo kutoka katika kisima, yakagawanywa kwa mifereji ya mbao, kila nyumba ikapata fungu lake. Moto uliwaka usiku na mchana. Wanaume na wanawake walifanya kazi katika moshi na mvuke, wakikoroga, wakikusanya chumvi iliyojitenga, wakaitia katika vikapu ili ichuruzike maji. Karibu na mwaka 1600 kazi hiyo ilitoa tani 20,000 hivi za chumvi kwa mwaka mmoja, na hapana mahali pengi katika Ulaya ya siku zile palipoweza kushindana nayo.

Moto wa namna hiyo hula kuni nyingi. Kusini mwa mji liko pori kubwa la vichaka vya maua ya zambarau, liitwalo Lüneburger Heide, na hata leo wengi husimulia kwamba pori hilo ni jangwa lililoachwa na wachemsha chumvi baada ya kumaliza msitu. Masimulizi hayo yapendeza, lakini hayana nguvu. Wataalamu waliochunguza udongo wameona kwamba pori lilikuwako kabla ya makarai kuwa mengi, nao wasema kwamba sababu kubwa zaidi ni kondoo na wakulima waliokata tabaka ya juu ya ardhi wapate kuitumia zizini na kama mbolea. Mkulima yeyote aliyeona kilima kikimalizwa na mbuzi ataelewa. Hata hivyo wachemsha chumvi hawatoki bila lawama, kwani siku zilipoendelea iliwabidi kuagiza kuni kutoka nchi ya mbali ya Mecklenburg, zikiletwa kwa maji.

Waliosimamia nyumba za kuchemshia waliitwa Sülfmeister, nao ndio waliokuwa mabwana wa mji. Jamaa zao ndizo zilizokaa katika baraza, zikatunga sheria, zikaoana wao kwa wao. Lakini jambo la kuangaliwa ni hili: wengi wao hawakuwa wenye maji wala makarai. Wenyewe hasa walikuwa nyumba za watawa na makanisa, mengine ya nchi za mbali, ambayo yalipewa haki hizo kwa wasia au kuzinunua. Bwana wa chumvi alichemsha, naye mwenye haki, aliyekaa mbali na moshi, alichukua sehemu kubwa ya mapato. Jambo hilo lilikuja kuleta matata, kama itakavyoonekana.

CHUMVI NA SAMAKI

Kwa nini watu wa nchi nyingine walipe fedha nyingi hivyo kwa chumvi? Jibu lapatikana katika bahari ya Baltiki. Kila mwaka, wakati wa kiangazi kwisha, samaki wadogo waitwao heringi walifika kwa makundi makubwa pwani ya Skåne, ambako leo ni Sweden. Watu wengi wa Ulaya walishika dini ya Katoliki, na siku za kufunga, ambazo nyama ilikatazwa, zilikuwa nyingi katika mwaka. Samaki walitakiwa kila mahali. Lakini heringi huoza upesi kuliko mkokoteni uwezavyo kwenda, isipokuwa atiwe chumvi ndani ya pipa. Lübeck ulikuwa na merikebu na soko la samaki. Lüneburg ulikuwa na chumvi. Miji hiyo miwili, iliyoachana kwa maili 50 tu, ilifungamana kama mchuzi na wali, nayo yote miwili ilikuwa katika umoja wa miji ya wafanyabiashara ulioitwa Hansa.

Kwanza chumvi ilikwenda kwa mikokoteni, katika njia ambayo hata leo yaitwa Njia ya Zamani ya Chumvi. Njia ilikuwa ya mchanga na matope, na ilitozwa ushuru. Basi kuanzia mwaka 1392 watu walichimba mfereji wa kuunganisha mto Elbe na mji wa Lübeck, wakautia milango ya mbao ya kuzuia na kufungulia maji, mashua zipate kupanda upande mmoja wa mwinuko na kuteremka upande wa pili. Hapo Ulaya haikuwa na mifereji mingi ya namna hiyo. Mashua za kwanza, 30 kwa hesabu, ziliingia Lübeck zikiwa na chumvi mwaka 1398. Mfereji huo wa Stecknitz ulitumika kwa miaka 500 kabla ya kupisha mfereji mpana zaidi mwaka 1900, na ghala za matofali zilizokuwa zikiwekwa chumvi zasimama hata leo mlangoni pa Lübeck.

Katika bandari ya Lüneburg, ukingoni mwa Ilmenau, iko winchi ya zamani ambayo hapana mgeni apitaye bila kuitazama. Yatajwa katika maandiko tangu mwaka 1346, lakini umbo lake la leo ni la mwaka 1797. Mtu aliyezoea winchi za Kilindini atatafuta injini bila kuiona. Ndani mna magurudumu mawili makubwa ya mbao, na watu waliingia humo wakatembea, kama panya katika tundu lake, mpaka mzigo ukainuka. Mwaka 1840 winchi hiyo ilinyanyua injini ya gari la moshi iliyoletwa kutoka Uingereza, yenye uzito wa zaidi ya tani tisa. Yaani miguu ya watu iliiinua mashine ambayo ilikuwa ikija kuiondolea winchi kazi yake!

DENI LA MJI

Mji wenye fedha haupendi kuamrishwa. Juu ya kilima cha jasi kiitwacho Kalkberg, kilicho kando ya mji, mtawala alikuwa na ngome yake, na kutoka huko aliweza kuona kila kikapu kilichotoka. Mwezi wa Februari mwaka 1371, wakati watawala walipokuwa wakigombania urithi, wenyeji waliiteka ngome hiyo na kuibomoa. Oktoba mwaka ule ule majeshi ya mtawala yalijaribu kuurudisha mji usiku, yakafukuzwa baada ya mapigano ndani ya njia zake. Tangu hapo, kwa karne nyingi, baraza la mji ndilo lililokuwa serikali.

Lakini uhuru una gharama, na vita, kuta na mfereji havikujengwa kwa maneno. Kufika karne ya kumi na tano mji ulielemewa na deni. Baraza likawaambia wakuu wa nyumba za watawa, wale wenye haki za makarai, waachilie sehemu kubwa ya mapato yao ili deni lilipwe. Wengine walikubali, wengine wakakataa katakata, nayo shauri ikapelekwa mpaka Roma kwa Baba Mtakatifu. Mabishano hayo, ambayo Wajerumani huyaita Vita vya Maaskofu na Watawa, yalidumu tangu mwaka 1446 hadi 1462. Baraza lilitengwa na kanisa. Mwaka 1454 wananchi, kwa hofu ya laana na kwa hasira ya kodi, walilazimisha baraza la zamani liondoke, wakachagua jipya. Meya wa zamani, Johann Springintgut, alifungwa katika mnara, na humo alifariki mwaka 1455. Mwaka uliofuata baraza la zamani lilirudishwa. Mtaa mmoja wa Lüneburg una jina la Springintgut hata leo, na wengi wapitao hapo kwa baiskeli wakienda kazini labda hawamkumbuki.

Jumba la baraza, lililoanza kujengwa karne ya kumi na tatu na kuongezwa mara nyingi, ladhihirisha jinsi mabwana wale walivyojitunza. Katika chumba cha zamani cha hukumu sakafu ilitobolewa mashimo chini ya viti vya wajumbe, ili hewa ya moto kutoka chini iwapashe miguu wakati wa baridi. Mshtakiwa, bila shaka, alisimama mbali na mashimo hayo. Vyombo vya fedha vya baraza, vilivyokuwa fahari ya mji, viliuzwa kwa serikali ya Prussia mwaka 1874 na sasa vimo katika jumba la makumbusho la Berlin. Vinavyoonyeshwa Lüneburg ni mifano tu. Katika mnara wa jumba zimetundikwa kengele 41, si za shaba bali za kauri, zilizowekwa mwaka 1956 wakati mji ulipotimiza miaka elfu ya hati ile ya Mfalme Otto.

Makanisa makubwa yaliyobaki ni matatu. La Mtakatifu Yohana lina mnara wa futi 350 hivi, uliopinda. Yasimuliwa kwamba fundi wake, alipoona upotovu huo, alijitupa kutoka juu kwa aibu, akaangukia mkokoteni wa majani makavu. Akaenda kilabuni kufurahia bahati yake, akalewa, akaanguka kutoka kitini na kufa. Katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli, chini ya kilima, aliimba mvulana wa miaka 15 aliyefika kutoka mbali mwaka 1700 kwa sababu wavulana maskini wenye sauti nzuri walisomeshwa pale bure. Jina lake lilikuwa Johann Sebastian Bach. Nguzo za kanisa hilo zimeinama; mtu akisimama katikati na kutazama juu, huona wazi.

ARDHI INAYOSHUKA

Kuinama huko si kosa la fundi. Kila ndoo ya maji ya chumvi iliyopandishwa ilifuatwa chini na maji matamu mapya, nayo yakayeyusha chumvi nyingine, na ardhi ya juu ikakosa cha kuegemea. Kanisa la nne, la Mtakatifu Lambert, ambalo ndilo lililokuwa la watu wa chumvi wenyewe, lilipasuka vibaya hata ikabidi livunjwe mwaka 1860 na 1861. Altare yake ilihamishiwa kanisa la Mtakatifu Nikolasi, la wana-mashua, na hapo lilipokuwa kanisa sasa ni uwanja mtupu.

Biashara ilikwisha kudhoofika kabla ya hapo. Chumvi ya bahari kutoka pwani ya Ufaransa, iliyokaushwa na jua bila gharama ya kuni, iliuzwa kwa bei ndogo. Na heringi, kwa sababu zao wenyewe, waliacha kwenda Skåne kwa wingi. Mji ukawa maskini, na umaskini huo ndio uliohifadhi nyumba zake, maana asiye na fedha habomoi ili ajenge upya. Kazi ya chumvi iliendelea kwa mashine mpya mpaka mwaka 1980, ndipo moto ukazimwa kabisa. Kiwanda kiligeuzwa kuwa jumba la makumbusho la chumvi mwaka 1989, na jirani yake liko duka kubwa ambamo wenyeji hununua, pamoja na vitu vingine, chumvi iliyotoka kwingine.

Mtaa wa magharibi wa mji wa kale ndio ulioathirika zaidi. Nyumba za hapo zina madirisha yaliyokwenda upande, kuta zilizotoa matumbo kama mtu aliyeshiba, na njia zenye mabonde. Katika miaka baada ya vita vya 1939 hadi 1945 nyingi zilivunjwa kwa kuwa hatari, na ilionekana kana kwamba mtaa wote utafagiliwa. Katika miaka ya 1970 baadhi ya wananchi walikataa, wakaunda chama, wakaanza kutengeneza nyumba kwa mikono yao kwa kufuata ufundi wa zamani, kwa chokaa na mbao. Watu wa serikali ya mji hawakupendezwa mara moja. Leo mtaa huo ndio wageni wautafutao kwanza.

Wengi walitumaini kwamba, kiwanda kikifungwa, ardhi itatulia. Sehemu nyingi zimetulia kweli. Lakini maji ya ardhini hayakuambiwa kwamba kazi imekwisha. Yangali yakiigusa chumvi, na mahali pengine ardhi hushuka kwa sentimita kadhaa katika mwaka mmoja. Katika njia iitwayo Frommestrasse wageni walikuwa wakionyeshwa lango la chuma la bustani ambalo mabawa yake mawili, yaliyofungwa sawasawa siku ya kwanza, yalisukumwa na ardhi mpaka moja likapanda juu ya jingine. Karibu na hapo, nyumba zilizokuwa na watu zimelazimika kuhamwa na kuvunjwa katika miaka hii ya karne ya ishirini na moja.

Wapimaji wa mji wameweka alama zao katika kuta na kando ya njia, nao hurudi mara kwa mara na vyombo vyao kuzisoma. Mwenye nyumba hutoka nje akasimama mlangoni, na wapimaji wakisha kuandika huwauliza, kabla hawajakwenda kwa jirani, imeshuka kiasi gani mara hii.